Godoro la Mama Nadine

Komanda alipokataza simu kwenye posti, askari waliziacha nyumbani kwa wake zao, na tangu siku hiyo habari za vita zikawa zinapanda kilima pamoja na bugali.

Posti ilikuwa juu ya barabara iendayo kaskazini, mwendo mzuri kwa miguu kutoka kambini Kalemie, mji wa kando ya ziwa. Jeshi lilipaswa kuwalisha watu wake, lakini maharage ya jeshi yalikuja siku moja yakapotea siku mbili, kwa hiyo wanawake walipika. Mchana walipanda kwa mstari, sufuria kichwani, mtoto mgongoni, na simu ya mume imefungwa kiunoni ndani ya kitenge. Askari ambao wake zao walikuwa mbali, Ankoro au Manono, walikula kwenye sahani za wenzao, wala hakuna aliyewahi kufukuzwa. Lakini kabla hata ya kunawa mikono walikuwa na swali lao moja. Inje wanasema nini?

Aliyejibu mara nyingi alikuwa Bijou, mke wa Josias. Bijou alisoma kwa masista kule Kongolo mpaka pesa za minerval, ada ya shule, zilipokwisha, na katika safu yao ya nyumba yeye ndiye aliyeweza kusoma bila kusogeza midomo. Josias alijivunia jambo hilo kuliko cheo chake cha koplo. Akitaniwa na wenzake alikuwa anawaambia kwamba wao wameoa wapishi, yeye ameoa mwalimu. Wanawake walikuwa na kundi lao la WhatsApp, Mama za Kambi, na humo ziliingia habari za Kifaransa, za Kiswahili na za Lingala, nyingine zimeandikwa ovyo hata hazieleweki. Jioni walimletea simu zao wakamwomba awasomee, naye aliwasomea wote, akiwa amekaa kwenye kizingiti na mboga mapajani.

Jirani yake, Mwanne, hakuwahi kuja mikono mitupu. Alikuwa mtoto wa watu wa biashara ya ziwa, mwepesi wa maneno, lakini shule hakuikanyaga na aliona haya kwa hilo. Alikuja na ndakala kidogo, vidagaa vya ziwani, ndani ya kikombe, akakiweka mlangoni kama mtu aliyekisahau. Akiulizwa, alisema si malipo, ni ya watoto. Mume wake, Damien, alikuwa posti moja na Josias.

Mwezi ule ikaja sauti ndani ya simu. Hakuna aliyejua ilitoka wapi; iliruka kutoka kundi hadi kundi. Ilikuwa sauti ya mwanaume, ya taratibu, ya mtu aliyewahi kulala kambini. Alijua kwamba mshahara hukatwa njiani. Alijua viatu vinavyopasuka kabla ya mvua ya pili. Hakutukana askari hata mara moja. Aliwaita ndugu zangu.

Bijou aliwasikilizisha wakati wanakula. "Ndugu zangu askari, munalinda nini?" sauti iliuliza. "Siku ikifika, wakubwa watapanda boti na watoto wao, na ninyi mutabaki pale na bunduki isiyo na risasi."

Damien alisimamisha donge la bugali karibu na mdomo. "Huyu muntu amekula kwenye sahani yetu," alisema. "Anajua mpaka wadudu wa maharage."

"Kama anatupenda hivi, mwambie atume unga," Josias akajibu.

Walicheka wote, hata sajini aliyejifanya hajaona simu. Lakini baada ya kucheka Damien aliomba irudiwe, na Bijou akairudia, na mara ya pili hakuna aliyecheka.

* * *

Siku ya tatu au ya nne baada ya hapo Bijou alishuka asubuhi ufukweni, pale boti za mbao zinapopakia watu wa Mpala na Moba. Alikuwa akitafuta ndakala za bei ya chini, zile zilizovunjika vichwa, ambazo wauzaji huzifagia pembeni. Alipoinua macho alimwona Mama Nadine, mke wa komanda, amesimama karibu na maji akiwa ameshika watoto wake mikono miwili.

Nyuma yake vijana walikuwa wanapakia. Godoro kubwa lilifungwa kwa kamba. Masufuria, yale ya kupikia watu wengi, yaliingizwa moja ndani ya jingine. Viti vya plastiki, mifuko ya unga, pipa la mafuta. Aliyesimamia alikuwa Delphin, mdogo wake komanda, na alikuwa anawaharakisha vijana kwa sauti ya chini, jambo ambalo si la kawaida ufukweni, maana pale kila mtu hupiga kelele.

Mama Nadine hakuwa mtu mbaya. Usiku uchungu wa mtoto wa mwisho ulipomshika Bijou, yeye ndiye aliyetoa gari la komanda limpeleke hospitali, akakaa naye mpaka asubuhi, akamfulia vitambaa kwa mikono yake. Bijou alitaka kumkaribia amsalimie. Delphin akamkatia njia.

"Wanaenda wapi, Papa Delphin?"

"Safari tu, Mama."

"Na godoro?"

Delphin alitazama nyuma kama mtu anayeogopa kusikiwa. "Mama, usiulize sana," alisema. "Muache aende."

Mambo yalikuwa hivi. Mama yake Mama Nadine alikuwa amekufa alfajiri huko Mpala, na kila mtu kwenye boti ile alijua isipokuwa Mama Nadine mwenyewe. Watu wa pale hawampi mtu msiba akiwa bado ana safari mbele yake. Humwambia mama ana homa, anakuita. Huku nyuma wanakusanya godoro la kulalia wageni wa matanga, masufuria, viti na unga, na kumdanganya kwamba vitu ni vya mtu mwingine, ili asianguke majini, ili moyo usipasuke kabla ya kufika mahali penye mikono ya kumshika. Ni wema wa zamani, na waliorithi wema huo wanajua kuufanya kimya kimya.

Bijou naye alifanyiwa hivyo hivyo. Baba yake alipofariki, walimpandisha treni ya kwenda Kongolo wakimwambia mzee ana malaria. Angekaa kidogo angekumbuka. Lakini siku zile, mtu akiona godoro limefungwa kamba, hakufikiria matanga. Alifikiria kukimbia. Ile sauti ilikuwa imeshaweka picha kichwani mwa watu, na Bijou alipoliona godoro aliliona ndani ya picha hiyo.

Alitoa simu ya Josias kiunoni, akapiga foto. Chini yake aliandika: Bibi wa komanda anaondoka na vitu vyote. Na sisi je? Akaituma kwa Mama za Kambi. Hakuwa na ubaya moyoni, alikuwa na woga, na woga alitaka kuugawa ili upungue. Kisha akanunua ndakala zake akarudi nyumbani kupika.

* * *

Kabla ya jua kuzama Mwanne alikuja na kikombe chake na simu. Alikuwa ametumiwa kitu na shemeji yake wa Uvira, na alitaka kusomewa; za kundini alikuwa hajafungua siku nzima.

Ilikuwa foto ya Bijou. Godoro lile lile, kitenge cha Mama Nadine, Delphin akiwa na mkono hewani. Lakini maneno ya chini hayakuwa yake tena. Sasa yalikuwa mengi, kwa herufi kubwa, yakisema wakubwa wote wa Kalemie wamekwisha kutorosha familia, mji umeuzwa, boti za adui zitaingia kesho jioni, na askari atakayebaki posti atakutwa peke yake. Juu ya foto kulikuwa na ile sauti. "Ndugu zangu," ilisema, "niliwaambia. Sasa muone kwa macho yenu."

Bijou aliisoma yote. Alipaswa kusema hapo hapo: hii foto nimeipiga mimi, na mimi sijui chochote. Alifungua mdomo. Lakini foto ilikuwa imekwenda mbali na kurudi na watu wazito nyuma yake, na alivyoiangalia iliporudi aliiamini kuliko alivyoiamini alipoipiga. Alifikiri labda walioirudisha wanajua asichokijua. Alifikiri labda alikuwa na bahati ya kuwa wa kwanza kuona.

Mwanne alikuwa amemkodolea macho. "Ni kweli, Mama Bijou?"

"Inaonekana," Bijou akasema.

Mwanne alimshukuru, akarudi kwake kufunga vitu.

* * *

Kesho yake wanawake walipanda kilima mapema kuliko kawaida. Komanda hakuwepo posti. Alikuwa ameshuka mjini kuomba ruhusa ya kwenda kumzika mama mkwe, ruhusa ilikuwa bado haijatoka, na alikuwa ameketi kwenye benchi la mbao mlangoni mwa biro ya wakubwa wa jeshi akiwa na kofia magotini. Askari hawakujua hilo. Walichojua ni kwamba hayupo.

Bijou aliwaonyesha foto, akawasikilizisha sauti. Bugali lilipoa. Josias aliomba simu aisogeze machoni, akalitazama godoro kwa muda mrefu, akitafuta pa kufanyia mzaha, hakupata. Hakumwuliza mkewe foto imetoka wapi, naye hakusema. Sajini alijaribu kusema neno juu ya kiapo, akaulizwa na mmoja komanda yuko wapi, akarudi kukaa.

Hakuna aliyetoa amri ya kuondoka. Mmoja alisema anashuka kuangalia watoto, atarudi. Mwingine akasema anamsindikiza. Wengine wakavua makoti ya jeshi wakayaviringisha kwapani, kwa sababu jua lilikuwa kali, walisema. Jua lilipoanza kushuka, posti ilibaki na masufuria matupu na mbwa wa sajini.

Josias alimkuta mkewe mlangoni. "Funga vitu."

"Na posti, Papa Chantal?" Alimwita kwa jina la binti yao mkubwa, kama siku zote.

"Posti gani? Mwenye posti amekwisha kutorosha bibi yake."

Mji ulipoona askari wanashuka bila makoti, ulielewa kwa namna yake. Maduka yalifungwa. Mtu alipiga risasi hewani karibu na soko, na watu wote wakageukia ziwani. Josias na Bijou walifika ufukweni na watoto, lakini boti zilikuwa zimejaa mpaka watu wamekaa juu ya watu. Mwanne alikuwa ndani ya moja, karibu na ukingo, beseni lake kichwani. Aliwaona akawapungia mkono, akawaonyesha kwa ishara kwamba anaweza kusogea kidogo ili watoto wapate mahali.

Boti hiyo ilipinduka pale pale, karibu hata mtu wa nchi kavu aliweza kutambua nyuso. Wavuvi waliokuja kutoka kaskazini mwa ziwa, watu ambao mjini huitwa wageni na kulipishwa kila kitu, waliruka majini bila kuulizana. Walitoa wengi. Mmoja wao alimtoa Mwanne, na alipoona hapumui, akavua shati lake lililolowa, akamfunika miguu, kwa kuwa kitenge kilikuwa kimekwenda na maji.

Jioni ile hakuna boti ya adui iliyoonekana. Wala kesho yake. Ziwa lilikuwa jeupe na tupu.

* * *

Kikosi kingine kililetwa, na askari waliokimbia walikusanywa nyumba kwa nyumba. Josias hakungoja kutafutwa. Yeye na Damien walimbeba Mwanne wao wenyewe wakamzika, kisha wakaenda wote wawili kambini wakanyoosha mikono wafungwe.

Mama Nadine alirudi baada ya matanga, kichwa kimenyolewa, amevaa kitenge cheusi. Ufukweni watu walimzomea. Muuza mihogo mmoja alimtemea mate karibu na miguu, akamwuliza dola amezificha Mpala au Kigoma. Hakuelewa. Alielezwa na Delphin njiani, na inasemekana alikaa chini barabarani kwenye vumbi, akakataa kuinuka, akiwa na watoto wake wamesimama kando wakitazama.

Alichofanya baadaye si wengi wangekifanya. Unga uliobaki wa matanga aliugawa kwa wake za askari waliofungwa, akipita nyumba kwa nyumba mwenyewe. Kwa Bijou alifika wa mwisho. Bijou alimtolea kiti, yeye akakaa kwenye mkeka.

Walizungumza juu ya watoto. Kisha Mama Nadine akasema, "Mimi mwenyewe sikujua. Waliniambia mama ana homa. Nilikuwa nimembebea machungwa."

Bijou hakuweza kumtazama.

"Ile foto," Mama Nadine aliendelea, "sitaki kumjua mwenye kuipiga kwa ubaya. Aliyekufa amekwisha kufa. Nilitaka tu kumwuliza: alikuwa pale, aliniona, mbona hakuniuliza mimi?"

"Sijui, Mama," Bijou akasema.

Mama Nadine alimpangusa mtoto pua kwa ncha ya kitenge chake cha msiba, akaaga. Unga ule Bijou aliupika, maana watoto walikuwa na njaa, lakini yeye hakuula.

* * *

Mwanasheria aliyepewa askari wote kwa pamoja aliitwa Maître Bibiane, mwanamke kijana mwenye viatu vilivyochoka. Alimwita Bijou pembeni akamweleza mambo yalivyo. Kukimbia posti ni kosa la wote, na wote watafungwa. Lakini foto ilikuwa jambo jingine. Mahakama ilikuwa imefuata nambari iliyoituma kwanza, na nambari hiyo iliandikwa kwa jina la Josias. Hilo liliitwa kueneza maneno ya adui na kuvunja moyo wa jeshi, na kifungo chake kilikuwa kirefu. Josias alikuwa amekwisha kukiri kwamba aliipiga na kuituma yeye.

Bijou alisema si kweli, ni yeye.

Maître Bibiane hakushtuka. Alifunga faili lake polepole. Alisema, kama Bijou atasimama na kusema hivyo, Josias atabaki na miaka michache ya kukimbia, na yeye atachukua ile mirefu, mtoto mdogo akiwa bado ananyonya, na hakuna ndugu wa karibu kuliko Kongolo. Wote wawili watakuwa ndani. "Mimi siwezi kukwambia uongope," alisema. "Na siwezi kukwambia useme. Nenda ufikiri." Kisha akatoa pesa kidogo mfukoni, za pikipiki, akamsisitiza azichukue kwa sababu jua lilikuwa kali na ana mtoto.

Bijou alifikiri. Alimfikiria Mwanne akisogea kwenye boti ili watoto wapate mahali. Siku ya kesi aliamka akiwa amekwisha kuamua. Alimwogesha kila mtoto, akamwelekeza Chantal mahali unga ulipo na jinsi ya kumpa mdogo uji, akaenda.

* * *

Kesi ilisikilizwa mbele ya watu wote, kwenye ukumbi karibu na gare ya treni, ili mji ujifunze. Watu walijaa mpaka madirishani. Washitakiwa walikaa kwenye mabenchi bila mikanda. Jaji alikuwa kanali mwenye miwani, mwenye sauti isiyo na haraka.

Alimwuliza Josias kama nambari ni yake.

"Eee, njo yangu, mon Colonel."

"Foto imepigwa ufukweni asubuhi. Wewe ulikuwa posti."

"Nilitoroka posti ile asubuhi. Nilishuka kutafuta samaki, nikaona, nikapiga."

Ukumbi ulinung'unika. Alikuwa amejiongezea kosa jingine juu ya makosa yake, na karani aliliandika. Sajini, kwenye benchi la nyuma, aliinua kichwa, maana alijua Josias hakutoka posti asubuhi ile. Akakiinamisha tena.

Mwendesha mashtaka alisema askari wengine wamekiri simu zilikuwa kwa wake zao. Aliuliza kama mke wa huyu yupo. Bijou akasimama, akapelekwa mbele. Maneno alikuwa nayo tayari mdomoni.

"Mon Colonel, ile foto..."

"Musimuulize huyo," Josias akamkata. Alisema kwa sauti kubwa, kwa dharau, sauti ambayo Bijou hakuwahi kuisikia nyumbani. "Huyo hajui kitu. Ni muntu wa shamba, hata jina lake hajui kuandika. Simu kwake ni ya kuitika tu, na tena anaishika kichwa chini."

Watu walicheka. Kicheko kilianza madirishani kikaingia mpaka ndani, na hata karani alitabasamu. Josias naye alicheka pamoja nao, akimtazama mkewe, na macho yake hayakuwa yanacheka.

Jaji aligonga meza. Aliangalia kwenye karatasi zake nani anaishi karibu, akamwita Damien. Damien alisimama, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya Mwanne. Kila mwanamke wa kambi aliyekuwa ukumbini alimgeukia. Huyu alijua. Alijua ni nani aliyesoma na ni nani aliyesomewa, na neno alilojibiwa mke wake jioni ile, lile "Inaonekana", Mwanne alimwambia kabla ya kwenda ziwani.

"Wewe ni jirani," jaji alisema. "Huyu mama anajua kusoma?"

Damien alimgeukia jaji. Hakumtazama Bijou.

"Hajui, mon Colonel," alisema. "Kila jioni alikuwa anabeba simu anaenda kwa jirani kusomewa. Anapeleka ndakala ndani ya kikombe. Anaona haya kwenda mikono mitupu. Kitu walichomusomea, alikuwa anaamini chote."

Bijou alisikia kila neno lilivyowekwa, na alijua lipi ni la kumwokoa na lipi ni la kumhukumu, na kwamba Damien alikuwa ameyatoa yote mawili kwa mkono mmoja.

Jaji hakuwa mtu wa kudanganywa upesi. Alichukua karatasi mezani, akamwagiza askari ampelekee. Ilikuwa foto iliyochapwa, nyeusi na nyeupe, godoro katikati, na chini yake maneno.

"Soma hapo."

Bibi wa komanda anaondoka na vitu vyote. Na sisi je? Aliyasoma mara moja, macho yalikwisha kuyashika kabla hajayazuia. Alifikiri juu ya mtoto ambaye saa hiyo alikuwa anamlilia kunyonya. Maître Bibiane alikuwa anachunguza vidole vyake. Josias hakucheka tena. Midomo yake ilikuwa inasogea bila sauti, kama ya mtu anayesali.

Bijou aligeuza karatasi, upande wa juu ukawa chini, akaitazama hivyo.

"Sijui kusoma, Papa," alisema.

Hapo hata waliokuwa hawajacheka walicheka.

* * *

Wenzake walipata miaka mitatu mitatu. Josias alipata kumi na miwili. Ile sauti haikukamatwa. Wiki hiyo hiyo ilituma nyingine, juu ya mji mwingine, na wanawake wa kambi waliisikiliza kama kawaida. Simu hawakumletea tena Bijou. Walipopita mlangoni kwake walimsalimia vizuri, wakampa mboga, wakaenda kusomewa na mtoto wa mwalimu.

Siku ya kwanza ya kutembelea wafungwa alipika bugali na sombe ya majani ya mihogo, akapanga mstari. Mlinzi wa mlangoni alikuwa mzee mmoja, Papa Mardochée, mwenye sweta licha ya joto. Alikuwa ameisikia kesi kama mji wote. Mbele ya Bijou wanawake waliandika majina yao kitabuni. Zamu yake ilipofika, mzee aliondoa kalamu mezani kabla hajaifikia, ili asiaibike, akamsogezea kibweta cha wino. Alimshika kidole gumba kwa upole, akakibonyeza, akakiweka mahali pake, kisha akampa kitambaa chake mwenyewe ajifute.

Wengine aliwaruhusu wapite. Yeye alimsimamisha mbele ya ubao wa sheria uliokuwa ukutani.

"Ngoja nikusomee, mama yangu, usije ukapata matatizo," alisema.

Alimsomea moja moja, polepole, kidole kikifuata herufi, akisimama kila mara kumwuliza kama ameelewa. Siku za kuja. Vitu visivyoruhusiwa. Kutopitisha simu. Foleni ya nyuma ilianza kulalamika, naye akawaambia watulie, si kila mtu amebahatika kama wao.

Alipofika kwenye mstari wa mwisho kidole chake kilisita. Alimtazama Bijou, akatazama sufuria yake na mtoto mgongoni, akashusha mkono.

"Ni hayo tu," alisema. "Umeelewa?"

Mstari wa mwisho ulisema kwamba wafungwa wenye zaidi ya miaka kumi hawabaki hapa. Huhamishwa kwenda gereza la mbali, na familia haziambiwi siku. Bijou aliusoma kutoka mwanzo hadi kwenye nukta. Alitaka kuuliza ni gereza gani, na kama wanaruhusiwa kuaga.

"Nimeelewa, Papa," alisema. "Asante kwa kunisomea."